Wakwe Ndani ya Safina

Baba mkwe wangu nilimjua kwa miguu na kwa kikohozi. Uso wake sikuujua. Kwetu Undali, wakati ule, mwanamke akishaolewa hatazamani na baba wa mumewe mpaka mmoja wao azikwe. Akimsikia njiani anaacha njia, anachuchumaa kichakani na kumpa mgongo, nguo kichwani. Hasemi naye, hataji jina lake, hakai alipokaa yeye. Mzee naye ana wajibu wake: akikaribia penye wanawake akohoe, ili mkwe apate nafasi ya kukimbia. Baba mkwe wangu alikohoa vizuri mno. Alikohoa hata pasipo safari. Alikaa tu juu ya kilima akatukoholea sisi tuliokuwa tukipalilia bondeni, apate kuona jinsi mkwe wake anavyojitosa ndani ya maharage. Siku moja nilijitosa kwenye upupu, nikasikia mtu anacheka peke yake huko juu, nikajua nimeolewa katika ukoo wa namna gani.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, huko milimani Ileje, mwendo wa asubuhi moja kutoka Isongole. Mume wangu alikuwa mwalimu wa dini wa kanisa letu dogo. Kanisa hilo lilivuka Mto Songwe likitokea upande wa Nyasa, na huko ng'ambo ndiko alikokuwa nabii. Simsemi nabii wa kwenye Kitabu. Huyu alikuwa mtu hai, mwenye mke na shamba la mihogo, aliyeugua akazimia, kisha akaamka na maneno. Maneno yakaendelea kumjia, na wafuasi wake wakayabeba vichwani wakavuka nayo mto pamoja na chumvi na majembe. Kwa hiyo darasa letu la ubatizo lilikuwa na sehemu mbili: kwanza tunasoma Kitabu, halafu tunapewa neno la nabii. La Kitabu lilibaki vilevile. La nabii lilitegemea limebebwa na nani. Mchuuzi wa chumvi alipolileta lilisema tusivute tumbaku. Alipolileta muuza majembe, ambaye kiko hakikumtoka mdomoni, lilisema tusivute tumbaku ya kununua.

Mume wangu alipokwenda Lupa kutafuta dhahabu, darasa lilibaki mikononi mwangu. Wazee wa kanisa walinuna. Mwanamke, tena kijana, tena mwenye mdomo! Lakini mlima mzima hakukuwa na mwingine anayejua kusoma. Mimi nilifundishwa na walimu wa misheni kabla sijaolewa, nikasoma Kiswahili na kukifasiri kwa Kindali papo hapo bila kukwama. Wazee wakameza mate, wakaniachia. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama wenzangu, na darasa lilikwenda vizuri, kwa sababu tulicheka sana na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kuchota maji.

Mama mkwe wangu alibatizwa mwaka uliotangulia, na haukupita muda akafariki. Kilio kilikuwa bado hakijapoa vizuri tuliposikia kwamba jirani yetu mmoja, mfua vyuma, naye amefariki. Mfua vyuma huyo alibatizwa siku moja na mama mkwe. Na huko nyuma, mama mkwe alipokuwa msichana, ndiye aliyemchumbia kwanza, akashindwa kwa ng'ombe. Mlima mzima ulijua habari hiyo, na mlima mzima ulijua kwamba hakumpenda tena mwanamke mwingine. Baba mkwe wangu aliishi na mfua vyuma huyo jirani maisha yote bila kugombana naye, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda. Sasa akaanza kufikiri upya.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyeniletea habari. Alinikuta nikichambua maharage.

"Baba hali chakula vizuri," alisema. "Amekwisha kugawa mbuzi wake. Jembe lake amempa mjukuu. Anasema anataka abatizwe, halafu afe kabla ya mvua."

"Kwa nini kabla ya mvua?"

"Anasema yule mtu amekwisha kutangulia. Anasema, 'Yule yuko huko na mke wangu, mimi niko huku nachunga mbuzi.'"

Nilitaka kucheka. Nikamtazama wifi yangu, nikaona yeye hacheki. Wazee wa kwetu, mtu akishagawa jembe lake, hafanyi mzaha. Analala akaelekea ukutani, na baada ya siku kadhaa watu wanaitwa.

"Na darasa atafundishwa na nani?" nikauliza.

"Si wewe?"

Hapo tulicheka wote wawili, kisha tukanyamaza wote wawili.

Nyumba yetu ya sala ilikuwa ya mianzi iliyosukwa, isiyokandikwa, ili upepo upite. Siku ya darasa nilisikia kikohozi nje, nikajifunika kichwa. Baba mkwe hakuingia. Aliketi chini upande wa pili wa ukuta, akauegemeza mgongo kwenye mianzi. Alikuwa na beberu wake mmoja, ambaye katika ule ugawaji hakupata mtu wa kumchukua kwa jinsi alivyonuka. Mimi nikahamisha kigoda changu hadi kwenye nguzo ya katikati, nikawapa wote wawili mgongo. Basi darasa likaanza.

"Beberu," ilisema sauti ya nje, "hebu muulize huyo anayesoma humo ndani. Siku ya kwanza Mungu aliumba nini?"

"Ewe nguzo," nikasema mimi, "huyo beberu mwambie ni nuru."

"Beberu, muulize tena. Hiyo nuru ilitoka wapi, na jua lilikuwa bado?"

"Nguzo, mwambie beberu asiwe na haraka, yamo humohumo mbele."

Akina mama walikuwa wakijibana mbavu. Mzee alikuwa na akili kali, na alijua kabisa kwamba anachekesha. Nami nikaanza kuzisubiri siku za darasa kuliko zamani. Miaka yote ile sikuwahi kusemezana na mtu huyu, na kumbe tulikuwa tunafanana. Nilimpenda, nasema wazi, ila kwetu hakukuwa na njia ya kumwambia baba mkwe jambo kama hilo, hata kwa kupitia beberu.

Mambo yalikwenda salama mpaka tulipofika kwenye safina. Nilisoma jinsi mzee wa gharika alivyoijenga, vyumba vyake, orofa zake tatu, wanyama wawili wawili. Kisha nikasoma walioingia: mzee mwenyewe, mkewe, wanawe watatu, na wake wa wanawe. Hapo darasa zima likashika kifua.

"Na wakwe?" aliuliza mama mmoja. "Ndani ya chombo kimoja na baba mkwe?"

"Na milango imefungwa?" akaongeza mwingine.

"Na mvua yote ile? Walijificha wapi? Hakuna hata kichaka!"

Mimi nilikuwa nimesoma habari hiyo mara nyingi kwa walimu wangu wa misheni, nikajibu maswali ya urefu na upana wa safina, wala sikuwahi kuwaza habari za wakwe. Mama mmoja alisema labda walikaa nyuma ya tembo. Mwingine akasema tembo akigeuka je? Siku hiyo hatukuendelea na somo. Tuliichora safina kwenye vumbi kwa kijiti na kuigawa upya, kwa sababu wale wanawake walikuwa wakwe wenzetu na hatukuweza kuwaacha waaibike hivyo.

"Beberu," ilisema sauti ya nje, baada ya kutuacha tuhangaike vya kutosha, "waambie hao akina mama. Kwa nini Mungu aliagiza orofa tatu? Wanyama wangetosha kwenye mbili. Ya tatu ni ya wakwe."

Tulipiga vigelegele. Lakini mama mmoja, mtu wa kushika mambo, alisema hilo ni neno la beberu, halimo kwenye Kitabu, na kwa kuwa nabii yu hai, aulizwe yeye. Muuza majembe alikuwa anavuka mto siku hizo. Tukampa swali: nabii atuambie wakwe wa safina walifanyaje. Akaenda nalo.

Wakati tunangoja jibu, tuliendelea kusoma. Tulifika pale ambapo maji yamekauka, na mzee wa safina amepanda mizabibu, amelewa, amelala uchi hemani. Mwana mmoja akaingia akamwona, akatoka nje kusimulia. Wale wengine wawili wakachukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Aliyetazama, kizazi chake kikalaaniwa. Waliokwenda kinyumenyume wakabarikiwa.

Kisha nikasikia baba mkwe amesimama huko nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya somo.

"Beberu! Mwambie arudie hapo."

Nilirudia. Akasema nirudie tena. Nilipomaliza, alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyekutana na ndugu zake ugenini.

"Hawa ni watu wa kwetu," akasema. "Hawa ni Wandali kabisa. Kumbe Kitabu hiki ni cha watu wenye adabu!"

Toka siku ile hakukosa hata darasa moja. Wifi yangu alisema nyumbani bado anakula kidogo, na kila asubuhi anauliza kama mto umepungua.

Mto ulipopungua, mzee wa kanisa wa ng'ambo, kwa nabii, alivuka kuja kutupima na kutubatiza. Alikuja mara moja tu kwa mwaka. Asiyefaulu alirudi darasani mpaka kiangazi kingine. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti jeusi lililomzidi mikono, aliyemjua nabii kwa karibu na hakutaka tulisahau hilo. Tulimpa kiti pekee kilichokuwepo. Akaketi, akatutazama mmoja mmoja, akasema ameleta jibu la swali letu.

"Nabii amesema hivi. Mle safinani walitazamana, na hakuna aliyekufa. Na nyumba ya sala ni safina. Aingiaye humu hana mkwe. Kwa hiyo kuanzia leo mwalimu atamwuliza mwanafunzi wake uso kwa uso, na mwanafunzi atajibu uso kwa uso. Asiyeweza, bado hajawa tayari."

Akina mama wote waligeuka wakanitazama. Hakuna aliyetutuma kuuliza. Tulijipalia makaa wenyewe.

Wakapimwa wao kwanza. Wakasimama mbele yangu mmoja mmoja, nikauliza, wakajibu, wakafaulu. Kisha kikohozi kikasikika mlangoni. Nikajifunika, nikageukia nguzo. Nilisikia watu wanasogea, na miguu niliyoifahamu inaingia, lakini kwa mwendo nisioufahamu. Mama aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza kwamba mzee anaingia kinyumenyume.

"Baba, geuka," alisema mzee wa kanisa.

"Siwezi."

"Nabii amesema uso kwa uso."

"Nimesikia nikiwa nje. Sasa na mimi nakuuliza. Wale waliomwendea baba yao kinyumenyume, walibarikiwa au walilaaniwa?"

"Walibarikiwa," alijibu mzee wa kanisa, kwa sauti ya mtu anayenusa mtego na mguu umekwisha kuingia.

"Na yule aliyetazama?"

Mzee wa kanisa akaangalia mlango.

"Mimi nataka kubatizwa ili nibarikiwe," baba mkwe akasema. "Wewe unanitaka nianze na laana. Kitabu kinasema hivi, nabii anasema vile. Niambie ni yupi nimwache, nimwache hapahapa mbele ya watu."

Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa nguo mpaka machozi yananitoka. Mzee wa kanisa hakuweza kusema Kitabu kimekosea, na hakuweza kusema nabii amekosea. Alikohoa. Akavuta mikono ya koti. Mwishowe akashika njia wanayoshika wakubwa wote.

"Jambo hili ni zito. Nitakwenda nalo kwa nabii. Wewe, baba, ngoja mpaka mwakani."

Kicheko changu kiliisha. Baba mkwe wangu alipozungumza tena, hakuzungumza na beberu wala hakufanya mchezo, na sauti yake ilikuwa ya mzee mtupu.

"Mwakani! Yule mtu anakula naye huko. Ameshamjengea na jiko. Alimpenda tangu zamani, na mimi nilijua. Mwakani nitamkuta amekwisha kunisahau."

Kuna watu walicheka. Niliwachukia, na wengine wao ni rafiki zangu mpaka leo. Mimi nilisikia tu pumzi yake inavyokwaruza, nikajua kwamba mtu huyu akitoka mlangoni bila ubatizo atakwenda kulala akaelekea ukutani, na mwakani hatutakuwa na wa kumpima. Hasira ikanipanda. Sikuwa na hasira na nabii. Nilikuwa na hasira na lile koti.

"Ewe nguzo," nikasema kwa nguvu, "muulize mgeni wetu. Tunaposali, tunafumba macho au tunakodoa?"

Mzee wa kanisa alishtuka, akaitazama nguzo. "Tunafumba," alisema.

"Nguzo, muulize tena. Tukiwa tumefumba macho hivyo, tuko mbele ya uso wa Mungu au tumempa mgongo?"

"Tuko mbele ya uso wake. Bila shaka."

"Basi uso kwa uso unaweza kuwa wa macho yaliyofumbwa. Na kama unamtosha Mungu, nguzo, mwulize kama hautamtosha nabii."

Akina mama hawakungoja jibu. Walipiga vigelegele mpaka mianzi ikatikisika. Mzee wa kanisa aliinua mikono, na mikono ya koti ikaanguka, tukaona mikono yake kwa mara ya kwanza. Akasema haya, haya, na iwe hivyo.

Nilifumba macho, nikageuka. Nikamsikia naye anageuka. Tulifundishwa tangu utoto kwamba mkwe akimkabili baba mkwe meno yake yatapukutika. Nikamwita baba kwa Kindali, neno ambalo sikuwahi kumwambia.

"Tata."

"Ee," akajibu.

"Unaamini haya tuliyoyasoma?"

"Naamini. Na hasa ya wale wawili."

"Umeacha pombe?"

"Nimeacha." Akafikiri. "Nimeacha ya mahindi kabisa. Ya ulezi naiacha leo."

Na hapo ndipo nilipofungua jicho moja. Sikuweza kujizuia, miaka yote ile kikohozi tu! Nilitaka nione ukope tu, nifumbe. Nikaona uso mdogo kuliko nilivyodhani, masikio ya mume wangu, ndevu chache nyeupe, na jicho moja lililo wazi likinitazama. Naye alikuwa amechungulia.

Tuliyafumba kwa wakati mmoja. Hakuna mwingine aliyeona. Na meno yangu ninayo mpaka leo, karibu yote.

Alibatizwa kesho yake asubuhi, mtoni, baada ya akina mama. Maji yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Wifi yangu alimngoja ukingoni na blanketi, akilia waziwazi, kwa kuwa aliona baba yake amepata alichokuwa anakingoja na sasa hana tena la kumshikilia. Mimi nilisimama mbali, mgongo wangu ukielekea mtoni, nikilia kwa siri.

Mzee wa kanisa hakuwa mtu wa kusahau. Watu walipokuwa bado wamelowa, akaanza kuhubiri, na mahubiri aliyoyachagua yalihusu siku ya ufufuo. Sijui kama alikusudia. Alieleza kwamba huko juu hakuna mume wala mke, hakuna posa wala harusi, watu wote wanakaa kama malaika. Somo hilo mimi sikuwa nimelifikia darasani, na sikuwa na haraka ya kulifikia. Kila mtu pale ukingoni alijua baba mkwe wangu amezamishwa kwenye maji ya barafu kwa ajili ya kitu gani.

"Ngoja kwanza," ilisema sauti ya baba mkwe wangu, meno yakigongana. "Huko hakuna mume?"

"Hakuna, baba."

"Na mimi si mume wake tena?"

"Ninyi nyote mtakuwa ndugu."

Nilisikia maji yanachuruzika kutoka kwenye nguo yake. Nilitamani nigeuke, nimrukie yule mgeni na koti lake.

"Na yule mfua vyuma," mzee aliuliza polepole, "naye hana mke huko?"

"Hana."

"Hata kama alifika mapema?"

"Hata angefika wa kwanza."

Kisha nikasikia blanketi linakung'utwa, na sauti ya mtu aliyetua mzigo mabegani akaanza kufikiria chakula.

"Basi sina haraka," alisema.

Wifi yangu alisema jioni ile alikula ugali mzima na maharage, akatuma mtu kwa mjukuu kudai jembe lake. Aliishi miaka mingi.